Bibi wa Namawala na namba zetu za maabara

Leo bibi mmoja wa kijiji cha Namawala kanifunga mdomo, mimi na miaka yangu yote ya maabara.

Kwake sampuli si kitu kigeni. Watafiti wa malaria wamemtoboa kidole tangu ujana wake. Mimi nilikwenda kuomba ya puani, maana ana mafua makali.

Nikamwamkia, nikakaa, nikaeleza vizuri tu: kirusi cha korona hubadilika, na sisi tunasoma vinasaba vyake tujue ni aina gani. Ile ya mwaka ule mbaya, 2021, iliitwa Delta. Iliyofuata, Omikroni.

Akauliza, "Na mume wangu? Mlimpima mwaka huohuo, kabla hajafa."

Nikamwambia ukweli. Maabara hatuandiki majina. Kila mgonjwa ni namba, ili siri yake itunzwe; ya mumewe nisingeweza kuitambua.

Akauliza tena:

"Kwa hiyo mwanangu, kirusi kilichomuua mkakipa jina, yeye mkampa namba?"

Jamani, nyie mngejibu nini?

Nikamuuliza marehemu aliitwa nani. Akanitajia majina yote matatu, polepole. Kisha akainua uso, nichukue sampuli.

Jina hilo sitaliandika hapa.

Ila nilipokuwa nabandika namba kwenye kichupa cha bibi, nilimuuliza na yeye majina yake yote matatu.