Baba mukwe alinishikia ngazi

Admin, ficha jina yangu, hapa Bunia tunajuana sana.

Niko mama wa miaka 34. Kazi yangu ni kukagua nyumba mupya zenye zinajengwa ili zitumie courant, ni kusema umeme, kidogo. Naangalia madirisha, panneau ya jua, na mu plafond, kati ya dari na mabati, kama kweli waliweka mousse, sponji nene ya kuzuia joto ya mabati. Bila saini yangu, nyumba haipate certificat.

Juzi nilitumwa kukagua nyumba moja kwenye njia ya Iga Barrière. Kufika, fundi mwenye kupewa kazi ya kuijenga ni baba mukwe wangu! Huyu muzee namupenda. Familia ya bwana yangu iko ya Butembo, walinikataa eti nimetoka Mahagi. Ye peke yake alisema: "Huyu ni binti yangu, mukubali musikubali."

Basi akasimamisha ngazi chini ya tundu ya plafond, akaishika mwenyewe. "Panda, binti yangu, nakushikilia." Ee Mungu wangu! Mwanamuke gani anapanda juu ya kichwa ya baba mukwe? Na ye anajua. Nikamulika tochi kutokea chini, nikaona mousse, nikaenda. Roho ilikataa kutulia.

Siku ya yenga, wakati yeko kanisani, nikarudia, nikapanda. Mousse iko pembeni ya tundu tu! Kule kwingine mabati matupu, joto ilinipiga uso. 

Mwenye nyumba ni mama mujane. Mutoto wake iko na sukari, dawa yake ya sindano inalala mu frigo. Batri ya panneau walipima kwa nyumba yenye haina joto. Hivi ilivyo, frigo itamaliza batri usiku, mbele ya kuche, dawa iharibike. Na ule mama aliniambia: "Mambo ya courant sijue. Nikiona saini yako, naingia."

Nilimuomba baba mukwe aweke mousse yote. Alikataa, hakupandisha hata sauti: "Siku walikukataa, mimi sikuangalia kwenye ulitoka. Na weye usiangalie juu." Nililia sana. Bwana yangu naye: "Ukiangusha baba, rudia kwenu Mahagi."

Kusaini ni kesho. Leo mama mujane amenitumia foto, frigo imeshafika mu nyumba.

Ndugu zangu, nishaurini. Lakini mutu asiniambie niheshimu wakubwa, sababu heshima njo ilinibakisha chini ya ngazi. Niambieni tu: kama ule mutoto ni wako, ungetaka nifanye nini?