Nailoni ya Lori la Shuaibu

Ukitaka kumjua Shuaibu wa Kismayu, usimuulize habari za bandarini wala bei ya samaki. Muulize habari za nailoni. Lakini kaa mbali kidogo, maana akiikumbuka hutafuta kitu cha kurusha.

Shuaibu ni Mbajuni, mtoto wa waunda mashua wa kisiwa cha Chovai, ila bahari ilimtapisha tangu utotoni, akaona heri ashike usukani wa gari. Ana lori dogo la kubebea barafu na samaki. Siku aliyolinunua, babake, Mzee Famau, ambaye maisha yake yote amekuwa akipaka rangi omo, zile pua za mashua, alichukua brashi akaandika mlangoni jina la marehemu mkewe: Mwanalima. Herufi nyekundu, ukingo mweupe, na mwezi mwandamo pembeni, vile vile anavyopamba omo. Watu walikuwa wakisimama kulitazama. Shuaibu alilipenda jina lile kuliko injini yenyewe.

Ndipo akatokea muuza nailoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alijitembeza mpaka uani. Ni nailoni ya kubandika juu ya rangi ya gari, akasema, nyembamba hata haionekani. Chumvi haipiti, mchanga haukwaruzi. Shuaibu alifikiria chumvi ya bandarini inavyotafuna mabati, akaona jina la mamake limepata kinga. Lori zima likavikwa nailoni. Mzee Famau alitazama kazi ile kutoka barazani.

Muuzaji aliwahi kuonya: msiipake kitu. Haya, mwambie hivyo Mbajuni! Mbajuni akiona kitu kinachopambana na chumvi, hatulii mpaka akipake mafuta ya papa. Mashua ikipandishwa pwani hupakwa; lori lina kosa gani? Shuaibu akalisugua kwa tambara, juu hadi chini, likang'aa, naye akajisifu mtaa mzima. Kisha jua la Kismayu likashika zamu. Mafuta yakapenya kwenye kingo, nailoni ikageuka rangi ya ndimu iliyooza, vumbi likaganda juu yake, na paka wote wa mtaa wakahamia chini ya lori. Bandarini mahamali walimuuliza kama gari limeshikwa na homa ya manjano. Shuaibu alikuwa akiona aibu hata kuegesha. Na jina la Mwanalima likawa halisomeki tena.

Ijumaa moja, baada ya chai, aliamua kuibandua. Alianza kwa kucha, kucha ikavunjika. Akaja na maji ya moto, akajiunguza mguu. Akaazima mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni ya Layla, jirani yao; mashine ikanuka moshi na kuzima, na hiyo nayo ikawa deni la lawama. Nailoni ilikuwa ikitoka vipande vidogo vidogo, na chini yake gundi imekaa kama ulimbo, inashika vidole, inashika ndevu, inashika kila kitu isipokuwa akili ya mwenye lori.

"Sabah!" alimwita mkewe. "Leta mafuta ya taa!"

Sabah alileta, akasimama mikono kiunoni, akatia Kibajuni chao, ambamo mtu ni mchu na kutaka ni kuchaka. "Gari hupakwa mafuta ya papa na mchu mwenye akili?"

"Badala ya kunipa pole!"

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alisema Sabah, akarudi jikoni.

Mwishowe Shuaibu alipata ujanja: alichukua mshipi wa kuvulia, akaupitisha chini ya nailoni, akawa anauvuta huku na huku. Ya boneti ikatoka. Ya ubavuni ikatoka. Mlango wenye jina aliuacha wa mwisho kwa hofu. Mzee Famau aliugua mwaka uliopita, na tangu hapo mkono wake wa kulia hautulii. Kahawa huishika kwa mikono miwili. Jina lile likiharibika, hakuna wa kuliandika tena.

Akauvuta mshipi polepole, pumzi ameizuia. Nailoni ikaachia pembeni, safi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akashika ncha, akavuta. Ikaja yote kwa mkupuo mmoja. Na Mwanalima akaja nayo. Herufi zote zilikuwa zimeganda upande wa ndani wa nailoni, zimegeuka nyuma mbele, na mlango umebaki bati tupu lenye kutu.

Shuaibu aliipiga ndoo teke, ikavingirika mpaka barazani, miguuni pa babake. Mzee aliinuka, akaja na fimbo yake, akautazama mlango.

"Baba, nimeliharibu."

"Hiyo ni rangi ya mashua, mwanangu. Si ya kudumu. Kila mwaka hupakwa upya."

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie nini? Nilikuwa nikingoja uje useme, 'Baba, jina limefifia, shika brashi.' Wewe ukaleta kichu cha plastiki ukafunika. Nikaona basi, mkono wangu hauchakiwi tena."

Hasira zote za nailoni zilimtoka Shuaibu, zikamrudia yeye mwenyewe. Aliingia ndani, akatoka na kopo la rangi nyekundu na brashi, akamwekea mzee mkononi. Mzee Famau aliegemea mlango, akaanza herufi ya kwanza. Mstari ulishuka vizuri kidogo, kisha ukatetemeka, ukapinda, ukachuruzika hadi chini ya mlango. Akajaribu kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Ukapinda tena.

"Futa," alisema, akamrudishia brashi.

Shuaibu alikuwa na tambara mkononi, limelowa mafuta ya taa. Tangu asubuhi alikuwa akibandua na kukwangua, lakini kuufuta mstari huo mmoja wa babake kulimshinda.