Ngozi ya Faustina

Jirani yetu hapa Kilolo hulainisha ngozi za kondoo za kubebea watoto wachanga. Kila ngozi huipaka samli, huifikicha kwa viganja vyake vilivyokakamaa, kisha huilaza shavuni na kufumba macho. Ikimkwaruza hata kidogo, huanza upya bila kunung'unika. Hamkabidhi mtu ngozi mpaka shavu lake liridhike.

Jumatatu Faustina alirudisha ya kwake. Mwanawe tulikuwa tumemzika Ijumaa. "Mpe mwingine, mama," alisema, macho chini. Jirani akaipokea, akailaza shavuni, akakaa nayo kitambo. Niliigusa mwenyewe, ilikuwa laini kabisa. "Hii bado ngumu," akasema, akifungua kopo la samli. "Niachie niifikiche. Utakuja kuichukua mwakani."