Matanga ya Bibi wa Sinema

Shangazi yangu, aliyenilea pale Temeke, nusura aniharibie harusi, na yote kwa sababu ya sinema.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Mwanzoni mwa wiki akanipeleka mjini, kwenye onyesho la mchana la wanawake peke yao, kutazama picha ya Kihindi ya enzi za wafalme: wanawake wa kuimba na kucheza, na matajiri wanaowaweka kinyumba. Eti mwari nijifunze kurembua. Kihindi hatukijui, lakini mambo yalijieleza yenyewe. Tajiri alimjengea mwanamke nyumba, akamchoka, akaoa kwingine. Mwanamke akafa peke yake, akabebwa kwenye mkokoteni, hana wa kumlilia.

Kufika nyumbani shangazi akazima jiko, akatandika mikeka barazani, akaangua kilio. Sasa kwetu sie ukisikia kilio unakaa kwanza, kuuliza baadaye. Majirani wakajaa. Wanaume wakaleta mabenchi, na mmoja akaja na jembe kabisa, anauliza kaburi lichimbwe wapi.

"Keshazikwa," shangazi akamjibu. "Tena vibaya."

Mie nimo ndani na liwa yangu ya harusi mwilini, nawaka kwa hasira. Nyumba yenye matanga haichezi harusi, na upande wa bwana harusi walikuwa wanatafuta sababu tu ya kuivunja. Mama mkwe alishatuma ujumbe kwamba shangazi asithubutu kunitoa mbele za watu, kwa kuwa ujanani aliwekwa na tajiri mmoja wa Kariakoo, kisha akaachwa hivihivi. Temeke nzima ilijua.

Na mama mkwe huyo akaja na kapu la mchele, akakaa mkekani, akauliza marehemu ni nani kwetu. Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akamweleza kisa chote, tangu nyumba mpaka mkokoteni. Mwenye jembe akaguna, akaenda zake.

Mama mkwe hakucheka.

"Yule bwana hakwenda hata mazikoni?"

"Hata kuchungulia."

Mama mkwe akajifunika kanga usoni, akalia mpaka shangazi akaanza kumbembeleza. Alipomaliza akapangusa macho.

"Matanga tunaondoa leo, mchele huu upikwe," akasema. "Na mwari utamtoa wewe, dada."

Ijumaa shangazi alinishika mkono mbele ya watu wote, ananukia udi, anarembua kama yule marehemu. Mie nilisahau kurembua. Nilikuwa nalia.