Vitambaa Tisa vya Manjano

Daktari alisema bila kuzunguka: jeraha lisipoonyesha nafuu kufikia Ijumaa, mguu unakatwa chini ya goti. Masinde alikuwa mfunga mabehewa wa reli. Behewa ndilo lililomponda Februari hiyo ya 1996, na nyumba yao ya vyumba viwili pale Makongeni ilikuwa nyumba ya kazi. Mguu ukienda, kazi inaufuata, na nyumba inaifuata kazi.

Mkewe Nasambu aliyajua hayo yote, akakataa kuyakubali. Alikuwa ameosha vyombo vya maabara moja Industrial Area kwa miaka kumi na miwili, na muda huo wote hakuwa amefumba macho. Mkubwa wake, Daktari Ndindi, alikuwa akitafiti wanga wa muhogo. Wanga, alimweleza, ni mnyororo mrefu wa chembe za sukari. Ukiuchanganya na asidi ya ndimu ukauoka, minyororo inashikana, haigeuki tena uji, na inapata mikono ya kushikia dawa. Upake kwenye shashi, uloweke katika ile dawa ya manjano ya vidonda, nao utaiachilia dawa kidogo kidogo kila majimaji ya kidonda, yenye chumvi, yanapougusa. Bakteria hawapati hata nafasi ya kupumua. Muhogo wenyewe ulitoka Bungoma, shambani kwa mama yake Nasambu.

Vitambaa vitatu vya kwanza vilifanya kazi. Harufu ilipungua, nyama nyekundu ikaanza kuchungulia, na Nasambu akalia kwa furaha huku akikuna nazi. Kisha wafadhili wakafunga mkoba. Maabara ingefungwa Jumatano. Jumatatu Ndindi alimwachia Nasambu tanuri kutwa nzima, naye akatengeneza vitambaa tisa vya mwisho, vya kumfikisha mgonjwa Ijumaa na kuivuka.

Mama alikuwa amekuja kutoka Bungoma kumsaidia. Lakini mama mkwe wa Kibukusu hakutani uso kwa uso na mkwewe, sembuse kulala nyumbani kwake, kwa hiyo alilala kwa jirani, Khadro, muuza vitenge. Asubuhi alikuja mpaka jiko la nje, akachukua bendeji zilizotumika, akazichemsha kwa maji ya chumvi kama alivyofundishwa na nesi wa kwao. Masinde akitaka kwenda msalani alikohoa, naye mama akajitenga nyuma ya nyumba mpaka apite. Neno lolote kati yao lilipitia kinywani mwa Khadro. Kwa wiki tatu mpango huo haukumkosea mtu.

Jumanne alfajiri Nasambu alivianika vitambaa vyake kwenye sinia jikoni, akakimbilia kusaidia kufungasha maabara. Mlango wa Khadro ulikuwa bado umefungwa, na hakutaka kuamsha watu.

"Baba Lorine," alimwambia mumewe, "Khadro akipita, mwambie amwambie mama asiguse vya kwenye sinia."

Khadro hakupita. Alikuwa amekwenda Eastleigh kuchukua mzigo.

Masinde, kitandani, alisikia maji yakimiminwa. Akasikia sinia ikikwaruza mezani, na akajua. Utasema si angepaza sauti tu. Sema. Hukulelewa alikolelewa yeye, na hujakaa miaka kumi na saba bila kumtamkia mama mkwe neno. Alijaribu kuinuka, homa ikamrudisha. Basi akafanya alichoweza: akakohoa.

Jikoni mama alikuwa ndiyo kwanza ametumbukiza vitambaa. Aliposikia kikohozi akaacha sufuria motoni, akajitenga nyuma ya nyumba kumpisha mkwewe. Masinde akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Mama akasogea mbali zaidi. Asubuhi yote mmoja alikohoa na mwingine akasubiri, na sufuria ikachemka.

Jioni Nasambu alivikuta kambani, tisa, vyeupe pe.

"Vilikuwa vimeingia rangi mbaya, mwanangu," mama alisema. "Nimevitia chumvi mara mbili. Vimetakata, sivyo?"

Nasambu alikishika kimoja. Wanga wote ulikuwa umebanduka, imebaki shashi tupu. Mtaroni, saruji ilikuwa bado ya manjano. Alitamani kupiga yowe lisikike mpaka Jogoo Road. Lakini yule alikuwa mama yake, na mikono ile ndiyo iliyolima muhogo.

"Vimetakata, mama," akasema. "Asante."

Jumatano tanuri lilikuwa limeshapakiwa kwenye lori. Akachemsha wanga nyumbani, akauoka juu ya makaa katika sufuria ya mchanga. Ukaungua. Akarudia, ukaungua tena. Alhamisi alikuwa bado anarudia, vidole vimebabuka, ijapokuwa harufu ya mguu ilikuwa imeshamjibu.

Ijumaa walikata.

Barua ya reli imewapa mpaka mwisho wa mwezi. Masinde hahitaji kukohoa tena; gongo lake likigonga sakafu, mama huacha anachofanya na kujitenga. Juzi, wakifunga vyombo kwenye magunia, alimsifu mkwewe kwa moyo mweupe.

"Umeolewa na mtu wa heshima, Nasambu. Siku ile nachemsha vile vitambaa, mgonjwa vile, alikohoa asubuhi nzima ili tusikutane njiani."

Nasambu alifunga kamba ya gunia, akaifungua, akaifunga tena.

"Ndiyo, mama," akasema.