Meno ya Nyanya

Nyanya alipofariki, jamaa waliokutana kwetu Mbotela kupanga mazishi walinipa kazi ya kutengeneza slaidi za maisha yake. Niliipa programu ya akili unde picha zake za zamani izisafishe na kuzipanga. Ilizipanga vizuri ajabu, ila ikamjazia pengo la meno ya chini, yale aliyong'olewa akiwa msichana kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Niliona, sikuwa kipofu. Nilinyamaza kwa sababu alipendeza na, nisidanganye, kwa sababu pengo lile lilikuwa likiniaibisha mbele ya marafiki zangu. Kanisani watu walinisifu. Babu alikazia macho ukutani mpaka slaidi ya mwisho, kisha akaninong'oneza, “Mjukuu wangu, ni nani huyu mnayemzika?”