Mjukuu Wangu Alipiga Koti

Leo shuleni, wanakijiji wenzangu, mmemcheka mjukuu wangu Chebet, na nimewaona.

Alisimulia maisha ya yule mzee wa sayansi wa zamani, aliyesema dunia inazunguka jua. Angeshinda shindano hilo, angepelekwa Kericho kusimulia huko.

Akasema makasisi walimlazimisha mzee apige koti.

Goti, jamani! Lakini ulimi wetu Wakipsigis unavyochanganya g na k, si mnaujua?

Mwalimu akauliza, "Koti la nani?"

Mkacheka mpaka chai ikawatoka puani.

Mwalimu akaongeza, "Haya, lipige tuone."

Mtoto akapiga magoti mbele yenu nyote.

Nafasi ya Kericho akapewa mtoto wa mwenye duka, aliyesoma kwenye karatasi kama kasuku.

Njiani Chebet akaniambia mimi bibi yake, "Kogo, sitasimama tena mbele ya watu."

Furahini basi, nyinyi mnaoita kuku "kugu."